Panya mwenye glavu kwenye ukuta wa chekechea

Kwenye kuta za chekechea za Mtwara na Lindi utamkuta panya mwenye masikio ya duara, kaptura nyekundu na glavu nyeupe. Yumo kwenye begi la shule, kwenye chupa ya maji, kwenye kandambili na juu ya keki ya siku ya kuzaliwa. Mtoto wa Nachingwea anaweza kumtaja jina kabla hajaona hata filamu yake moja. Ni Mickey Mouse wa kampuni ya Disney ya Marekani. Kampuni hiyo ilifikaje huko? Na fundi anayeombwa kumchora panya huyo ajue nini kabla hajafungua kopo la rangi?

Walt Disney na kaka yake Roy walianzisha kampuni yao Marekani mwaka 1923. Mhusika wao wa kwanza kupata jina kubwa hakuwa panya, alikuwa sungura, Oswald. Mwaka 1928 Walt alikwenda New York kuomba malipo bora akagundua kwamba, kwa mkataba aliousaini, sungura ni mali ya wasambazaji wa filamu. Akarudi mikono mitupu. Oswald alirejea kwenye kampuni mwaka 2006, Walt akiwa amefariki tangu 1966. Mickey Mouse alizaliwa kutokana na pigo hilo, na safari hii umiliki haukutoka mkononi.

Kilichofuata ndicho kilichomfikisha panya Kusini mwa Tanzania. Mwaka 1929 mfanyabiashara mmoja alimlipa Walt dola 300 ili aweke picha ya Mickey kwenye madaftari ya shule. Mwaka 1933 ikaja saa ya mkononi. Kampuni haikutengeneza daftari wala saa. Iliruhusu wengine watengeneze, nao wakalipa mrabaha, yaani sehemu ya mauzo. Mchoro wa kampuni wa mwaka 1957 unaweka filamu katikati, na mishale inatoka kwenda kwenye vitabu, muziki, televisheni, bustani ya burudani na bidhaa, kila kimoja kikikitangaza kingine. Filamu inaisha baada ya saa moja na nusu, lakini begi la shule linabebwa mwaka mzima.

Umbo lenyewe limefikiriwa sana. Mwaka 1928 mikono ya Mickey ilikuwa myeusi mitupu, na kwa kuwa filamu ilikuwa nyeusi na nyeupe, mkono ukipita mbele ya kifua ulimezwa na mwili. Mwaka 1929 akavalishwa glavu. Vidole vikawa vinne, kwa sababu sekunde moja ya filamu ina fremu 24, yaani picha 24, na kidole kimoja kikipungua kila mkono, mchoraji anapumua. Kichwa na masikio ni duara tatu tu. Zipake nyeusi tii, zipunguze hadi ukubwa wa kifungo cha shati, bado atatambulika.

Tarehe 1 Januari 2024 hakimiliki ya filamu ya kwanza ya Mickey ilikwisha nchini Marekani. Wengi wamelisikia hilo nusu. Kilichoachiwa siku hiyo ni yule panya wa 1928, asiye na glavu wala rangi. Sura zilizokuja baadaye zina muda wake. Tena alama ya biashara, yaani jina au nembo ya kuuzia bidhaa, ni jambo jingine kabisa: hakimiliki huisha, alama ya biashara huendelea kuishi kila inapohuishwa.

Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza sakata la "Hakuna Matata", lililozua ghadhabu Afrika Mashariki mwaka 2018. Baada ya filamu ya The Lion King ya 1994, iliyojaa majina ya Kiswahili kama Simba, Rafiki na Pumbaa, kampuni iliomba kusajili maneno "Hakuna Matata" Marekani kama alama ya biashara ya nguo, na usajili ukakamilika mwaka 2003. Hakuna aliyekatazwa kuyasema, kuyaimba wala kuyaandika. Zuio lilihusu kuyatumia kama nembo ya nguo, na ni kwa soko la Marekani. Hata hivyo uchungu wa watu ulikuwa wa haki: lugha ni ya umma, na aliyefika kwanza kwenye dawati la usajili ni mgeni. (Huku kwetu, kwa kweli, mtu husema "hamna shida", matata ni ya mtoto mtundu.)

Sasa ukuta wa chekechea. Mhusika wa kampuni kuchorwa bila ruhusa kwenye shule inayotoza ada, kwenye fulana za kuuza au kwenye bango la duka ni matumizi ya kibiashara. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, kwa hiyo kazi za nje zinalindwa hapa kama za kwetu. Kosa la kawaida ni kudhani kwamba ukibadilisha rangi ya kaptura umeshakwepa. Hujakwepa, maana anayetazama bado anamwona yuleyule. Jingine ni kudhani hadithi na mchoro ni kitu kimoja. Hadithi ya Snow White, binti na vijeba saba, ilichapishwa na ndugu Grimm mwaka 1812, na yeyote anaweza kuisimulia. Gauni la bluu na njano alilovalishwa na Disney mwaka 1937 usiliguse.

Ushauri wetu kwa fundi ni kuchora wa kwake. Sungura na fisi wa hadithi za bibi hawana mwenyewe, lakini sungura wako mwenye kikapu cha korosho begani ni wako tangu siku ulipomchora. Mchore kwa mbele, ubavuni na nyuma. Amua urefu wake kwa kuhesabu vichwa, yaani kichwa chake kinaingia mara ngapi kwenye urefu wake wote. Vichwa vitatu humpa sura ya kitoto. Mjaribu kwa weusi mtupu, upana wa sentimita 2: asipotambulika, punguza vitu. Rangi zisizidi nne, kwa sababu kwenye kuchapa fulana kila rangi inadai fremu yake ya kuchapia, na fremu zikisogea kidogo tu jicho linahamia shavuni. Ukuta mpya uachwe ukauke siku 28. Ukiwahi, unyevu na chumvi ya upepo wa bahari vitabandua rangi.

Mapiko ya Wamakonde, yaani vinyago vya kuvaa kwenye ngoma, yanahitaji adabu zaidi. Si mali ya mchongaji mmoja, mengine yana siri za jando, na sheria ya hakimiliki inalinda sanaa za jadi zinapotumiwa kibiashara nje ya mazingira yake. Anza kwa wazee. Mtindo wa uchoraji, kwa upande wake, haumilikiwi. Ndiyo maana mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru jirani zetu, uliweza kuwa katuni ya Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi, ikaoneshwa Uingereza kuanzia 2010, na Disney nayo ikaipeleka kwa watoto wa Marekani.

Hakimiliki haihitaji usajili ili iwepo, ila kuiandikisha COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi siku ya ugomvi. Jina au nembo ya kuuzia bidhaa isajiliwe BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao, ukitumia namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Tafuta kwanza kama kuna inayofanana, kisha chagua daraja la bidhaa: nguo ni 25, madaftari 16, vitu vya kuchezea 28. Daraja usilolilipia halikulindi. Usajili wa Bara haufiki Zanzibar, kule una ofisi yake.

Mteja akikuagiza mchoro, muandikishane ameununua ukuta huo mmoja au mhusika mzima, kwa bidhaa zipi na kwa miaka mingapi. Mkabidhi kazi iliyokamilika. Michoro ya mwanzo, yenye tarehe, baki nayo.