"Posh" haikutoka kwenye tiketi za meli

Wengi huamini kwamba kivumishi cha Kiingereza "posh", yaani -a kifahari au -a kitajiri, ni ufupisho wa "port out, starboard home", yaani kushoto wakati wa kwenda, kulia wakati wa kurudi. Husimuliwa kuwa abiria matajiri wa meli za kampuni ya Uingereza ya P&O walikaa vyumba vya kushoto wakienda India na vya kulia wakirudi, ili wakwepe jua, na tiketi zao ziligongwa muhuri wa herufi hizo nne.

Jua halina ubishi: meli ikielekea mashariki, kushoto ni kaskazini, penye kivuli. Kinachokosekana ni ushahidi. Haijapatikana tiketi hata moja yenye muhuri huo, na maelezo haya yalianza kuchapishwa miaka ya 1930, neno likiwa limeshazoeleka. Tena, maneno yaliyoundwa kwa herufi za mwanzo yalikuwa adimu sana kabla ya karne ya 20.

Misimu, yaani lugha ya mitaani, ya Waingereza wa karne ya 19 inatupa njia bora zaidi. "Posh" ilikuwa fedha, hasa sarafu ndogo, na huhusishwa na neno la Kiromani, lugha ya jamii ya Waroma, lenye maana ya nusu. Ilikuwa pia mtu maridadi anayejipamba. Wanakamusi bado wanajadili ni ipi kati ya hizo iliyozaa kivumishi.