Tairi Likiliwa Ndani, Usilaumu Upepo

"Fundi, hizi tairi zinakula ndani, niongezee upepo." Wiki iliyopita nimeisikia kauli hiyo mara tatu, na mara zote imetoka kwa mwenye Subaru Impreza WRX iliyoshushwa springi. Wa tatu alikuwa ameshajiongezea mwenyewe: kafika na PSI 44 (PSI ni kipimo cha upepo) kwenye matairi yanayotakiwa 33. Nikalala chini na tochi. Ukingo wa ndani waya umetoka, ukingo wa nje kashata, yaani meno ya tairi, zimesimama kama za dukani, na katikati napo pameanza kuwa kipara, kwa sababu ya huo upepo aliouongeza.

Sasa tusikilizane. Upepo hauna upande. Ukipungua, tairi linabonyea katikati na mzigo unabebwa na mabega yote mawili, kwa hiyo linaliwa ndani na nje kwa pamoja. Ukizidi, linatuna na kukanyaga kwa kifua, basi katikati inaisha kabla ya mabega. Tairi linaloliwa upande mmoja tu limekaa vibaya barabarani, na dawa yake iko kwenye alaimenti, yaani kupima na kunyoosha mkao wa matairi. Upepo mdogo unaweza kuharakisha uharibifu ulioanza, lakini wenyewe hauchagui ukingo wa ndani na kuuacha wa nje.

Hapo ndipo mteja anaposema, "Aa, kumbe ni kemba." Kila mtu anaijua kemba kwa sababu inaonekana kwa macho: tairi limelala, juu limeingia kwenye gari, chini limetoka. Gari la mwendo kasi hutengenezwa likiwa na kemba hasi kidogo ili likikata kona tairi la nje likanyage kwa upana wake wote. Kemba hasi ya digrii moja au moja na nusu itaula upande wa ndani taratibu, sikatai, lakini haiwezi kukutoa waya ndani ya miezi michache. Mwenye kufanya kazi hiyo ni tou, yaani matairi mawili ya mbele yanapoangalia pembeni badala ya kwenda sambamba. Yakiangalia nje, ukingo wa ndani unasagwa. Yakiangalia ndani, unasagwa wa nje.

Piga hesabu uone. Tairi la 225/45R17 lina kipenyo cha milimita 634 hivi. Tou ya jumla ikiwa milimita 3 nje, kila tairi limepinda milimita 1.5, kitu ambacho jicho halikioni kabisa. Lakini kwa pembe hiyo, kila kilomita moja unayokwenda, tairi linalazimishwa kuserereka pembeni kama mita 2.4. Kutoka Dar hadi Chalinze, kilomita mia moja na kidogo, umeliburuza kwenye lami zaidi ya mita 240. Halafu unaniambia upepo.

Na hii tou mbovu inatoka wapi? Kwa wateja wangu, kwanza ni kushusha gari. Ukiweka springi fupi, mikono ya chini inayoshika tairi na tairodi (vyuma vya usukani) zinabadilika mlalo, kemba inaongezeka na tou inahama. Kwenye Impreza ninazopima, mara nyingi inahamia nje. Mtu analipa springi, analipa kuzifunga, anapiga picha, anaondoka. Alaimenti atafanya "mwisho wa mwezi". Mwisho wa mwezi anakuja kununua matairi. Pili ni mashimo na matuta yetu, ambayo huua bushi (mipira ya viungo) na bolijointi. Bushi ikifa, namba nzuri ulizopewa mashine ikiwa imesimama zinapotea gari likianza kutembea. Kwa hiyo kwangu gari halipandi kwenye mashine kabla sijatikisa kila kiungo kwa chuma. Fundi anayekupigia alaimenti juu ya bushi iliyokufa anakuuzia karatasi.

Nyuma nako watu wanakusahau. Kwenye WRX ninazopokea, tou ya nyuma inarekebishika kwa boliti ya kamu, ile ambayo ukiizungusha mkono unasogea, ila kemba ya nyuma kiwandani hawakukuwekea pa kuirekebisha. Ukiishusha kupita kiasi itabidi ununue mikono ya kurekebisha, au uinue gari kidogo. Najua hupendi hilo la pili.

Namna ya kujua mapema, usisubiri waya. Zima gari, lipoe, pitisha kiganja juu ya tairi kutoka ndani kwenda nje, kisha rudi. Ukihisi laini ukienda na makali kama meno ya msumeno ukirudi, au kinyume chake, hiyo ni tou. Kisha pima kina cha kashata sehemu tatu: ndani, kati, nje. Usipime katikati peke yake. Huko ndiko macho yanakodanganywa.

Kuna wanaoapa kwamba alaimenti wamefanya, nikiuliza ilikuwaje wananielezea rimu ikizungushwa kwenye mashine na kubandikwa vyuma vidogo. Hiyo ni balansi. Inatibu usukani unaotetemeka ukifika kasi fulani, tou haiigusi.

"Lakini tairi lenyewe limeandikwa PSI 51." Limeandikwa, na ni kiwango cha juu cha upepo ambacho tairi linaruhusiwa kubeba. Aliyetengeneza tairi hajui litafungwa kwenye gari gani. Namba yako iko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Impreza nyingi za aina hii zinasema kPa 230 mbele na 220 nyuma, yaani PSI 33 na 32. Ukibadilisha saizi ya rimu, njoo tuongee, usikisie.

Wengine wanapima kwa kupiga teke. Ukuta wa tairi kama hilo la 225/45 una urefu wa sentimita kumi tu na ni mgumu; tairi linaweza kupoteza PSI 8 na bado likasimama vizuri. Nunua geji yako. Nasema yako, kwa sababu ya kituoni imeangushwa sakafuni mara mia. Mimi nina moja ya mshale, inalala kwenye soksi ndani ya dashibodi, na mke wangu haruhusiwi kuiazimisha.

Na pima asubuhi kabla ya kutoka. Tairi lililotembea hupanda PSI 4 au 5 kwa joto, na limepangiwa hivyo. Mtu anafika Chalinze, geji inasoma 38, anaogopa litapasuka, anatoa mpaka 33. Kesho yake likipoa ana 28, na barabarani upepo mdogo ndio unaochemsha tairi mpaka kulipasua.

Naitrojeni? Hewa ya bure ya kwenye kompresa tayari ina asilimia 78 ya naitrojeni. Ukipenda vile vifuniko vya kijani wanavyofunga kwenye tairi la naitrojeni, lipia vifuniko.

La mwisho linahusu wenye Subaru, maana gari linaendeshwa na matairi yote manne. "Ya mbele yameisha, nipe mawili mapya, ya nyuma bado." Subaru wanataka mzingo (urefu wa kuzunguka tairi) wa matairi manne usitofautiane zaidi ya robo inchi, kama milimita 6. Milimita 6 za mzingo ni takribani milimita 1 ya kashata. Ukifunga mapya mbele yenye milimita 8 na kuacha nyuma ya milimita 4, mzingo umetofautiana milimita 25, na difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inafanya kazi muda wote hata ukiwa kwenye lami iliyonyooka. Inachemka, inachoka, kisha unaanza kusikia gari linagoma ukikata kona ndogo kwenye maegesho. Kwa hiyo ukipasua moja na matatu yaliyobaki yana milimita 4, nitakutafutia la aina hiyo hiyo lenye 4, hata kama ni mtumba, mradi si kuukuu. Nikilikosa, ni manne.