Kesi ya Laurel dhidi ya Misa sio ya Jose P. Laurel, jamani

Nafundisha sheria za katiba za nchi mbalimbali, na kila muhula tukifika Ufilipino lazima tumsome Jose P. Laurel, manake huyu mtu kapita kila mahali: wakili, waziri, seneta, jaji wa Mahakama ya Juu, rais enzi za Mjapani alipoikalia nchi kwenye Vita Kuu ya Pili, halafu seneta tena na mwanzilishi wa chuo kikuu. Na kila muhula napokea esei yenye sentensi ileile, wiki hii nimeipata mara tatu: "Rais Laurel alipatikana na hatia ya uhaini, rejea Laurel dhidi ya Misa." Hapana. Hapana kabisa. Naandika hapa ili mnaokuja nyuma msirudie.

Fungua hiyo hukumu, acha muhtasari wa mtu mwingine, fungua yenyewe na usome mstari wa juu kabisa wenye majina ya pande. Limeandikwa ANASTACIO Laurel. Sio Jose. Huyu Anastacio alikamatwa na jeshi la Marekani kule Camarines Sur, mkoa wa Ufilipino, Mei 1945 kwa kushirikiana na Wajapani, akakabidhiwa kwa serikali ya Ufilipino Septemba mwaka huohuo, akapeleka maombi mahakamani kwamba anashikiliwa kinyume cha sheria, na Misa anayetajwa pale ni mkuu wa magereza. Mei 1945 hiyohiyo Jose P. Laurel alikuwa Japani, Wajapani walishamtoa Ufilipino tangu Machi, na Agosti 17 ndo akaivunja rasmi serikali yake akiwa Nara, mji wa hukohuko Japani. Sasa mtu mmoja atakamatwaje Camarines Sur huku yuko Nara? Tarehe peke yake zingekuambia kuna kitu hakikai sawa.

Kesi yenyewe ni nzuri na inastahili kusomwa. Anastacio alijenga hoja kwamba adui akishaiteka nchi, mamlaka ya serikali halali yanasimama, kwa hiyo na utii wa raia unasimama, kwa hiyo hakuna uhaini. Januari 1947 mahakama ikaikataa hoja hiyo, ikasema utii wa raia kwa serikali yake halali haufutiki kwa sababu tu adui kakalia ardhi. Ni msimamo mzito, na ndio uliowabana washtakiwa wengi wa kipindi kile. Lakini kumwingiza Jose P. Laurel humo na kumpa hukumu ambayo hakupewa ni kosa ambalo wakili hatakiwi kulifanya hata siku ya kwanza ya kazi.

Jose mwenyewe ilikuwaje? Alikamatwa Japani baada ya vita, akafungwa gereza la Sugamo, Tokyo, akarudishwa Manila Julai 1946 na kufunguliwa mashtaka 132 ya uhaini kwenye Mahakama ya Watu, mahakama maalumu ya kesi za walioshirikiana na Mjapani. Mia na thelathini na mbili, ndio, ni mengi. Ila shtaka ni shtaka. Kesi haikufika mwisho, hakuna jaji aliyesema ana hatia na hakuna aliyesema hana. Januari 28, 1948 Rais Manuel Roxas akatoa Tangazo namba 51, msamaha wa jumla kwa walioshirikiana na Mjapani kisiasa na kiuchumi, na mashtaka yakaishia hapo.

Na hapa sasa ndo linakuja lile linaloniuma kuliko yote, mwanafunzi akishakubali kwamba hakuhukumiwa anarudi kwa mlango wa nyuma: "lakini alisamehewa, na huwezi kumsamehe mtu asiye na hatia." Hii ni kuchanganya misamaha miwili. Katiba ya 1935 iko wazi, msamaha wa rais kwa mtu mmoja mmoja unatolewa BAADA ya kutiwa hatiani, na rais anautoa mwenyewe. Msamaha wa jumla ni wa kundi zima, unahitaji ridhaa ya Bunge, unaweza kuja kabla ya hukumu yoyote, na unalifuta kosa lenyewe. Mwaka 1949, kwenye kesi ya Barrioquinto, mahakama ilieleza vizuri sana: ule wa mtu mmoja unatazama mbele, unamwondolea matokeo ya kosa, huu wa jumla unatazama nyuma na kulizika kosa kama vile halikutendeka. Laurel alipata huu wa pili. Kwa katiba ile ule wa kwanza asingeweza kuupata kabisa, maana hakuwa ametiwa hatiani.

Sisemi alikuwa msafi, msinielewe vibaya. Septemba 1944 alitia saini tangazo kwamba kuna hali ya vita kati ya Ufilipino na Marekani pamoja na Uingereza. Hilo lipo kwenye maandishi. Pia alikataa kuandikisha vijana wa Kifilipino kwa lazima wakapigane upande wa Mjapani, nalo lipo. Na yule Jaji Mkuu Jose Abad Santos aliyegoma kushirikiana nao aliuawa na Wajapani Mei 1942, kwa hiyo kila aliyebaki alijua kukataa kunagharimu nini. Andika yote hayo, pima, toa maoni yako, hata ukisema alikosea sana nitakupa maksi. Ila usiandike kwamba mahakama ilisema kitu ambacho haikusema.

Makosa mengine ya kwenye esei nayapitia haraka. Kwamba alipigwa risasi uwanja wa gofu wa Wack Wack kwa sababu alikuwa rais: risasi ilikuwa Juni 5, 1943 na urais ulianza Oktoba 14, hesabu mwenyewe. Kwamba aliua mtu akiwa kijana: alimchoma kisu mpinzani wake kwenye ugomvi kule Tanauan, ugomvi uliotokana na busu aliloiba kwa binti, mpinzani akapona, mahakama ya chini ikamtia Laurel hatiani na Mahakama ya Juu ikamwachia Machi 1912 kwa kuwa alijitetea. Hapa mahakama ILISEMA, kwa hiyo hapa unaruhusiwa kusema.

Halafu lile la "haki ya jamii". Watu wananukuu maneno yake kwamba haki ya jamii si ukomunisti wala udikteta bali ni kuzipa sheria utu, wanadhani aliyatoa kwenye kesi kubwa ya wafanyakazi au ardhi. Ni Calalang dhidi ya Williams, Desemba 1940, na kesi ilihusu magari ya farasi kupigwa marufuku kwenye barabara mbili za Manila. Mtaa wa Rosario yalizuiwa saa moja na nusu asubuhi hadi saa sita na nusu mchana, kisha saa saba na nusu hadi kumi na moja na nusu jioni. Laurel akasema serikali inaweza kuzuia ili watu wote wapite vizuri. Mimi naipenda sana hukumu hii, fupi, inasomeka kwa kikao kimoja, na naomba usomeni yote badala ya ile aya moja inayozunguka kila mahali.

Na la mwisho, kwamba chuo kikuu cha Lyceum alikianzisha kujifariji baada ya siasa kumshinda. Urais alishindwa na Elpidio Quirino, aliyekuwa rais, 1949, ni kweli, kwenye uchaguzi uliolalamikiwa wizi wa kura mpaka leo. Lakini 1951 aligombea useneta akaongoza kwa kura nchi nzima, na ni akiwa kwenye kiti hicho ndipo akafungua Lyceum mwaka 1952, ndani ya Intramuros, mji mkongwe wa Manila uliozungushiwa kuta, pale ilipokuwa hospitali ya zamani ya San Juan de Dios. Katikati ya miaka hiyohiyo akaongoza mazungumzo na Wamarekani yaliyozaa mkataba wa biashara wa Laurel-Langley wa 1955. Useneta uliisha 1957, chuo akabaki nacho hadi alipofariki Novemba 6, 1959.