Kisanduku namba 16 hakijakosewa

"Dada, kazini wamekosea W-2 yangu." Kila msimu wa ritani za kodi hapa Marekani naanza hivyo. W-2 ni karatasi ya mwaka ambayo mwajiri anaandika mshahara wako na makato yake. Mteja ananyoosha kidole: kisanduku namba 1, cha mshahara unaotozwa na serikali kuu, kina pesa pungufu, namba 16, cha mshahara unaotozwa na jimbo, kina pesa nyingi, na kila mtu anajua 401(k), ile akiba ya uzeeni ya kazini, haikatwi kodi! Wengine hunijia wakiwa wameshagombana na watu wa mishahara. Mmoja alijazia ritani nyumbani, akaipunguza namba 16 kwa mkono wake, na baadaye akapata barua ya kudaiwa kodi pamoja na riba.

Hakuna aliyekosea. Kusamehewa na serikali kuu si kusamehewa na jimbo. Naelewa mkanganyiko unakotoka, maana sisi tuliokulia chini ya TRA au KRA tumezoea mamlaka moja ya kodi ya mapato kwa nchi nzima. Marekani jimbo lina bunge lake na sheria yake ya kodi. Mengi, Illinois ikiwemo, huanzia kwenye mapato yaleyale yaliyohesabiwa na serikali kuu, hivyo mchango wako wa uzeeni unakuwa umeshaondolewa. Pennsylvania haiko hivyo. Ukilipwa dola 60,000 na kuchangia 6,000, kisanduku namba 1 kitaandikwa 54,000 na namba 16 kitaandikwa 60,000. Jimbo linatoza asilimia 3.07 kwa kila mtu, kwa hiyo zile 6,000 zinalipiwa dola 184.20. Jiji la Philadelphia, humo humo jimboni, nalo hutoza kodi yake ya mshahara bila kuutoa mchango huo.

New Jersey ndiyo huwaumiza wauguzi wetu. Mchango wa 401(k) jimbo limeusamehe tangu 1984, lakini wa 403(b) na wa 457, mipango mingine ya akiba ya uzeeni ya kazini, linautoza. Hospitali nyingi zisizo za kibiashara zina 403(b). Muuguzi anahama kutoka kampuni yenye 401(k), anachangia kiasi kilekile, kodi ya jimbo inapanda, naye anaapa kwamba amedhulumiwa.

Jambo ambalo karibu hakuna anayeniuliza ndilo kubwa zaidi: kodi uliyolipa leo ni haki yako ya kesho. Pennsylvania haitozi pesa unazotoa ukishastaafu kwa mujibu wa mpango wako. Ukizitoa mapema, inatoza kile tu kinachozidi michango yako uliyokwisha kuilipia kodi. New Jersey pia haitozi tena michango iliyokwisha kutozwa, wakati wa kuipokea pensheni. Lakini wa kuthibitisha kiasi ulichochangia ni wewe. Kwa hiyo narudia na nitaendelea kurudia: tunza W-2 zote, tangu mwaka wa kwanza wa kuchangia mpaka siku ya kutoa dola ya mwisho. Ule ushauri wa kutupa karatasi baada ya miaka mitatu usiufuate kwa hizi. Nimekaa na mzee aliyechangia miaka mingi asiwe na hata W-2 moja, tukahangaika wiki nzima kuandikia waajiri wake wa zamani, na mmoja wao alikuwa ameshafunga biashara.

"Basi nisichangie." Hapana! Katika mfano ule ule, mtu aliye kwenye ngazi ya asilimia 12 anaokoa dola 720 za serikali kuu, na nyongeza ya mwajiri bado hatujaihesabu. Usiikimbie kwa ajili ya dola 184.

"Lakini 401(k) inapunguza makato ya Social Security." Haipunguzi, popote pale. Asilimia 6.2 ya Social Security (hifadhi ya jamii) na ile 1.45 ya Medicare (bima ya afya ya wazee) hukatwa kabla mchango haujaondolewa. Tazama visanduku namba 3 na 5.

"Nikihamia Florida, jimbo la zamani litanifuata kwenye pensheni." Sheria ya shirikisho ya 1996 inakataza jimbo kutoza pensheni ya mtu asiyeishi tena humo. La kuuliza ni jimbo unalokwenda: Florida na Texas hazina kodi ya mapato ya mtu binafsi, California inayo, na pensheni ya 401(k) inaitoza. Uliza kabla hujasaini mkataba wa nyumba.