Hasara ya kampuni tanzu si lazima iwe ya meneja wake

Wengi huamini kwamba makao makuu ya kampuni ya kimataifa hutazama faida pekee, na penye hasara meneja hufungashwa virago. Sivyo. MTN Nigeria, kampuni ya simu iliyo tanzu (inayomilikiwa na kampuni mama) ya MTN Group, ilitangaza hasara kwa mwaka 2023, ilhali mapato yake ya huduma kwa naira, sarafu ya Nigeria, yalipanda kwa zaidi ya asilimia 20. Kilichoiangusha hasa ni kuporomoka kwa naira kuanzia Juni mwaka huo, kulikovimbisha madeni na gharama za kukodi minara zilizofungamanishwa na dola. Ndiyo maana MTN Group, yenye makao Johannesburg, hutoa pia takwimu za ukuaji zilizokokotolewa bila athari za ubadilishaji wa fedha. Bei za kuuziana baina ya kampuni dada, ambazo aghalabu hupangwa na makao makuu yenyewe, nazo huweza kuhamisha faida kutoka nchi moja hadi nyingine, na meneja asiyezipanga hatendewi haki akipimwa kwa hizo.