Penseli haififii, tafadhali msiitie laminesheni

"Fundi, mchoro nimeuwahi kabla penseli haijafifia." Maneno hayo nimeyasikia tena wiki jana, hapa karakanani kwangu Fort Portal, kutoka kwa dada msanii anayezunguka magharibi mwa Uganda na begi mgongoni. Alikaa siku mbili juu ya ziwa Nyinambuga akichora: kingo zinazoshuka ghafla, migomba upande mmoja, kivuli cha wingu juu ya maji kwa mistari myembamba kama nywele. Kisha akaupeleka mchoro duka la fotokopi, ukapitishwa kwenye mashine ya laminesheni, ile inayougandisha ndani ya plastiki. Aliponipa niushike, nilikosa la kusema.

Penseli haififii kwa mwanga. Hata jina "penseli ya risasi" linapotosha, maana ndani yake hamna risasi. Kuna grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi, njia ambayo Mfaransa Nicolas-Jacques Conté aliipatia hataza mwaka 1795. Grafiti ni kaboni, na jua haliiwezi. Kinachobadilika ni karatasi. Karatasi za bei rahisi zina lignini, ile gundi asilia ya mti. Zikipigwa na jua huwa njano, halafu kahawia, na mstari wa kijivu juu ya kahawia hauonekani vizuri. Hapo mtu anailaumu penseli.

Adui mwingine ni msuguano. Grafiti hainywewi na karatasi kama wino. Hukaa juu juu, imeng'ang'ania kwenye mikwaruzo ya karatasi. Kiganja kikipita, kivuli cha wingu kinakuwa doa. Kwa hofu hiyo watu hukimbilia laminesheni au spreyi ya nywele. Laminesheni huyeyusha gundi ikaingia kwenye nyuzi za karatasi, na siwezi kuibandua bila kuuchana mchoro. Spreyi ya nywele hugeuka njano na kunasa vumbi. Ikibidi kupulizia, tumieni dawa ya kushikiza michoro, tabaka jembamba, na aamue msanii mwenyewe kwa sababu inaweza kuutia giza mchoro.

Ushauri wangu ni uleule ninaourudia kila siku: karatasi isiyo na asidi, kadibodi iliyokatwa dirisha ili kioo kisiguse mchoro, ukuta usiopigwa na jua wala usiovuta unyevu wakati wa mvua za Machi hadi Mei. Safarini, funika kila mchoro kwa karatasi laini, kisha ufunge daftari kwa kamba lisichezecheze begini.

Kusafisha kwa mkate laini? Watu walifanya hivyo kabla ya kifutio cha mpira. Makombo huacha mafuta, na hapa kwetu huita mende.

Wengine husema penseli ni rasimu tu, rangi zitakuja. Si kweli. Kwa anayetembea, penseli haimwagiki na haihitaji maji, na kazi inaishia palepale ukingoni mwa ziwa. Na anayesema kazi za wanawake wasafiri ni za kupitisha muda, akumbuke Mskoti Constance Gordon-Cumming, aliyefika Hawaii mwaka 1879 na kuichora volkano ya Kilauea. Picha zake leo zimo makumbusho.

Jambo moja zaidi, nalo linaniuma kama mwenyeji: usiandike "kreta", yaani shimo la volkano, chini ya mchoro wa ziwa Bunyonyi. Bunyonyi ni bonde lililozibwa na lava, ndiyo maana lina mikono mirefu na visiwa vingi. Maziwa ya huku kwetu ni mashimo ya milipuko, magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilipokutana na maji ya ardhini. Kingo ni kali na maji yametulia katikati kama kwenye bakuli. Chukua noti ya shilingi 20,000 uiangalie, Nyinambuga imo.

Yule dada nimempa karatasi nzito, na juzi amepanda tena kule juu. Ule wa laminesheni nimeutundika mbali na dirisha, kwa sababu mkono uliouchora ulikuwa mzuri sana.