Je, wajua kwa nini msuli haukazi wakati wote?

Ndani ya kila seli ya msuli ulioshikamana na mfupa mna nyuzi nene za protini iitwayo miosini na nyuzi nyembamba za protini iitwayo aktini. Vichwa vya miosini huwa vimekwisha kupata nguvu kutoka kwa ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, hata kabla ya kazi kuanza, na miosini, kwa maumbile yake, ikikutana na aktini huishika na kuivuta. Linaloshangaza, basi, ni kwamba msuli huweza kulegea hata kidogo.

Kinachozuia ni tropomiosini, protini ndefu iliyojilaza juu ya uzi wa aktini, kila moja ikifunika molekuli 7 za aktini mahali pale pale ambapo vichwa vya miosini vingejishikiza. Protini hiyo nayo inatawaliwa na troponini, ambayo ni kundi la protini 3: troponini T huishikilia tropomiosini, troponini I hujifunga kwenye aktini, na troponini C hunasa kalsiamu. Aliyeitambua troponini katika miaka ya 1960 ni Setsuro Ebashi wa Chuo Kikuu cha Tokyo, wakati ambapo wanasayansi wengi hawakukubali kwamba madini sahili kama kalsiamu yangeweza kuendesha jambo kubwa kama hilo.

Msuli unapopumzika, kalsiamu iliyo huru ndani ya seli ni kama sehemu moja kwa elfu kumi ya ile iliyo nje. Amri ya neva ikifika, milango ya ghala la ndani la kalsiamu, liitwalo retikulamu ya sakoplazimu, hufunguka, na kiwango hicho hupanda kama mara 100 katika muda mfupi usiofikia nusu ya kupepesa jicho. Katika misuli ya mbio, troponini C ina mifuko 4 ya kunasia kalsiamu. Miwili ya upande mmoja haikai mitupu, kwani huhifadhi umbo la protini yenyewe. Miwili ya upande wa pili ndiyo inayosubiri. Kalsiamu inapoingia humo, upande huo hufunuka na kuivuta troponini I, nayo huiachia aktini, tropomiosini husogea pembeni, na miosini hupata njia. Katika misuli ya polepole, kama ilivyo kwa moyo, mfuko unaosubiri na kufanya kazi ni mmoja tu.

Kulegea pia kunagharimu. Pampu zilizo kwenye kuta za ghala hurudisha kalsiamu ndani, zikitumia ATP moja kwa kila ioni 2, yaani chembe 2 za kalsiamu zenye chaji, na kazi hiyo ingekuwa ngumu kupita kiasi kama kalsiamu yote iliyomo ghalani ingebaki huru. Hapo ndipo inapofaa kalisekwestrini, protini iliyo ndani ya ghala, ambayo hubeba ioni zipatazo 40 au zaidi kwa molekuli moja, lakini kwa mshiko hafifu, ili iziachie upesi milango ikifunguka tena. Kalmodulini, protini nyingine inayonasa kalsiamu, ni sehemu ya kimeng'enya kinachoanzisha uvunjaji wa glikojeni, yaani akiba ya sukari ya msuli, hivyo kalsiamu ile ile inayokaza msuli huuchochea pia uandae chakula chake.

Protini ninayoiona ya werevu kuliko zote ni pavalbumini, iliyojaa katika misuli ya samaki na vyura, ingawa katika misuli ya binadamu ni haba sana. Hiyo huinasa kalsiamu inayotoka kwenye troponini kabla pampu hazijamaliza kazi, na kwa hiyo msuli hulegea haraka na kuwa tayari kukaza tena. Mtu angeweza kuuliza kwa nini haiipokonyi troponini kalsiamu tangu mwanzo. Sababu ni kwamba wakati wa mapumziko mifuko yake imekaliwa na magnesi, ambayo lazima itoke kwanza, na ucheleweshaji huo mdogo huiachia troponini nafasi ya kutangulia.

Pavalbumini hiyo hiyo ndiyo chanzo kikuu cha mzio wa samaki. Haiharibiki kwa urahisi jikoni, hata samaki akichemshwa vizuri, na kwa kuwa misuli myeupe ya samaki inayo nyingi kuliko ile myekundu, jodari kwa kawaida huwa na kiasi kidogo kuliko samaki wengi wa nyama nyeupe, japo hilo halitoshi kumfanya awe salama kwa kila mwenye mzio.